Maswali ya wasomaji: nati ya ekseli ya nyuma inalegea kila cheni ikivutwa

Toleo hili tumeliachia gurudumu la nyuma peke yake. Maswali yametoka kwa madereva wa boda, wenye pikipiki na kijana mmoja wa pancha. Tumeyafupisha, lakini hatukubadilisha walichouliza.

Salamu fundi. Kila nikivutiwa cheni, siku mbili tatu hazipiti nati ya ekseli imeanza kulegea na cheni inaning'inia vilevile. Fundi wa hapa stejini ametia waya mahali pa kotapini lakini hali ni ileile. Ninunue nati mpya?
*Dereva wa boda, Busia*

Usinunue bado, ndugu yetu. Na huo waya utoe leo hii, tutaeleza sababu huko chini.

Kotapini, ile pini ya miguu miwili inayopita kwenye tundu la ekseli, haikazi nati. Kazi yake ni kuizuia isidondoke barabarani ikiwa imeshalegea. Kinachoishika nati ni ekseli yenyewe, yaani mhimili unaopita katikati ya gurudumu. Ukiikaza, ekseli hurefuka kidogo mno, kiasi cha sehemu mbili za kumi za milimita, kisha inavuta irudi ilivyokuwa. Mvuto huo ndio unaobana kila kilichopangwa juu yake: ajasta (vyuma vya kuvutia cheni), ncha za swingamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma), spesa, beringi, bushi ya ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), beringi ya pili na sahani ya breki. Ekseli ya milimita 12 ikikazwa kwa nyutoni mita (Nm) 60, hesi (mikunjo ya skrubu ambamo nati huzunguka) zikiwa kavu, mbano unakaribia tani mbili na nusu. Mbano huo ukiwepo, gurudumu halichezi hata upite barabara ya murram yenye mawimbi kutwa nzima. Ukipotea, vyuma vinaanza kuteleza kwenda na kurudi pembeni, na kila mtelezo unaifungua nati kidogo. Mhandisi wa Ujerumani, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba mtikisiko wa kwenda pembeni ndio unaoifungua nati upesi. Ndiyo maana springi washa, ile iliyokatwa na kupindwa, haitakusaidia hapa.

Sasa fikiria hizo sehemu mbili za kumi za milimita. Tope la murram lililokauka kati ya ajasta na swingamu lina unene kuzidi huo. Fundi akikaza juu ya tope, mkono wake unahisi nati imegoma, naye anaridhika. Ukiondoka, tope linasagika, unene unaisha, na mbano unaondoka nalo. Rangi nene iliyopakwa juu ya ncha za swingamu hufanya hivyohivyo, na pia washa iliyopinda. Kwa hiyo jambo la kwanza ni brashi ya waya na kitambaa: safisha pande zote mbili za ncha za swingamu, uso wa ajasta, washa na uso wa nati, mpaka uone chuma.

Jambo la pili linalosahaulika sana liko upande wa sproketi, ile ringi ya meno inayozungushwa na cheni. Pikipiki nyingi za biashara zina nati mbili upande huo: ya ekseli, na nyuma yake nati pana zaidi inayoshika bushi ya sproketi. Fundi akilegeza ya ekseli peke yake na kuvuta ajasta kwa nguvu, bushi inagoma, upande mmoja unakwenda na mwingine unabaki. Gurudumu linakaa mshazari, na mbano haukai sawa.

Utaratibu tunaoufuata ni huu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, zima injini, weka nyutro. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole na upime ulegevu wa cheni katikati ya sehemu ya chini, sehemu nne tano za mzunguko. Mahali inapokaza kuliko kwingine ndipo pa kupimia, kwa sababu ukirekebisha palipolegea, pale palipokaza patavunja beringi. Toa kotapini. Legeza nati ya ekseli, kisha ya bushi, kisha nati ya kile chuma kirefu kinachoishika sahani ya breki isizunguke. Nati ya fimbo ya breki nayo uirudishe nyuma mizunguko michache, maana gurudumu likienda nyuma linaivuta breki.

Vuta ajasta zote mbili kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule. Pikipiki nyingi ndogo zinataka ulegevu wa milimita 20 hadi 30. Nambari yako imeandikwa kwenye kitabu, mara nyingi pia kwenye kibandiko cha kava ya cheni. Alama za swingamu zitazame, lakini kwenye pikipiki iliyowahi kuanguka usiziamini peke yake. Chukua uzi usiovutika, pima kutoka katikati ya bolti ya mbele ya swingamu hadi katikati ya ekseli, kushoto kisha kulia. Nyuzi zikilingana, gurudumu limenyooka.

Kabla ya kukaza kuna hatua ndogo ambayo tungependa kila fundi wa stejini aizoee. Kunja kitambaa kinene, kiweke kati ya cheni na sproketi ya nyuma upande wa chini, kisha zungusha gurudumu kwenda mbele kwa mkono mpaka kitambaa kibanwe na gurudumu ligome. Angalia vidole visiwe karibu na meno. Cheni sasa inaivuta ekseli mbele na kuikalisha barabara kwenye ajasta zote mbili. Ikiwa hivyo, kaza nati ya bushi, kisha ya ekseli, huku mwenzako amekanyaga breki ya nyuma ili sahani ya breki ikae katikati ya dramu. Toa kitambaa, pima ulegevu tena, kwa sababu kukaza nako huvuta cheni kidogo. Mwisho kaza nati ya chuma cha sahani ya breki na uitie kotapini yake. Hii usiifanyie mzaha: chuma hicho kikichomoka ukiwa mwendoni, ukikanyaga breki sahani inazunguka na dramu, fimbo inajikunja na gurudumu linafunga ghafla. Kisha rekebisha breki, kanyagio licheze milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika, na uangalie kama taa ya breki inazima ukiachia.

Kilomita 50 hivi baadaye rudia kuikagua nati. Ikiwa haijasogea, tatizo lilikuwa tope au nati ya bushi.

Nati yangu ni ile yenye pembe kama taji. Nikiikaza vizuri tundu la ekseli halionekani kwenye mfereji. Nikirudisha nyuma kidogo tu linaonekana na kotapini inaingia. Kuna ubaya?
*Msomaji, Mbale*

Upo, na ni mkubwa. Nati hiyo ina mifereji sita, kwa hiyo kutoka mfereji mmoja hadi mwingine ni sehemu moja ya sita ya mzunguko. Kwa hesi za milimita 1.25, nati inarudi nyuma milimita 0.2. Ni kiasi kilekile tulichomweleza dereva wa Busia kwamba ndiko kurefuka kote kwa ekseli. Ukirudisha mfereji mmoja unaweza kuwa umepoteza karibu mbano wote, na kotapini mpya inayong'aa imekaa juu ya nati isiyobana chochote.

Anza kwa kukaza hadi kiwango cha chini cha kitabu, kisha endelea mbele mpaka mfereji unaofuata ulingane na tundu. Kama kufika huko kunataka nguvu ya kupita kiasi, badilisha washa kwa yenye unene tofauti kidogo. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita tu huisogeza nati nusu mfereji.

Kuhusu kotapini yenyewe: ekseli ya milimita 12 kwa kawaida hupokea ya milimita 3.2. Kama huna hakika, jaribu tundu kwa shina la biti ya drili. Kotapini nyembamba inacheza ndani ya tundu mpaka inakatika. Iingize kichwa kikae ndani ya mfereji, mguu mmoja uukunje juu ya ncha ya ekseli, mwingine uulaze chini kwenye ubavu wa nati, na uzidi ukate usije ukamkwaruza abiria mguu au kunasa kitambaa cha gomesi. Hutumika mara moja. Ukiinyoosha na kuikunja tena chuma kinachoka pale pale kwenye kona. Waya wa uzio ni laini mno na hujinyoosha. Msumari na spoku ya baiskeli ni vigumu, haviwezi kukunjwa vizuri, vinapasuka. Bei ya kotapini haifiki ya nusu lita ya petroli, kwa hiyo nunua kumi uziweke chini ya siti.

Hatuna spana ya kupima nguvu. Fundi wetu anapanda juu ya bomba la mita moja na kuruka. Nati haijawahi kulegea, ila mwaka huu nimebadilisha ekseli mara mbili.
*Dereva, Gulu*

Ekseli zako zimevutwa kupita uwezo wake. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja anatoa karibu Nm 690. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinataka kati ya Nm 50 na 80 tu. Kwa nguvu za fundi wako hesi zinanyooka, ekseli hairudi tena urefu wake, na kitu kisichorudi hakibani. Tazama hesi za ekseli ya zamani kwa makini: pale nati ilipokaa utaona shingo imekonda na nafasi za hesi zimepanuka. Nati nzuri inayokwenda kwa vidole mwanzoni kisha ikagoma hapo katikati ni dalili hiyohiyo.

Toki renchi ni bora, na kikundi cha stejini kinaweza kuchanga kikanunua moja. Wakati hamjachanga, tumieni mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki na kahawa. Chukua spana ya ringi, pima sentimita 30 kutoka katikati ya nati hadi mahali pa kunasa ndoano. Tazamana na nati, spana ilale ikielekea mkono wako wa kushoto, kichwa cha ekseli upande wa pili kishikwe kwa spana nyingine. Vuta mizani kwenda juu, taratibu, pembe mraba na spana. Ikisoma kilo 20 umefika Nm 59. Ukihitaji Nm 70, vuta hadi kilo 24. Mizani yenyewe ijaribiwe kwanza kwa jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, inayotakiwa kusoma kilo 20 na uzito mdogo wa plastiki. Ukivuta hivyo mara kadhaa mkono unajifunza, lakini usiache kuujaribu kwa mizani kila baada ya muda.

Hesi ziwe safi na kavu, isipokuwa kitabu kiseme vinginevyo. Grisi paka kwenye shina la ekseli ili lisishike kutu ndani ya bushi. Ikiingia kwenye hesi, msuguano unapungua na nguvu ileile ya mkono inaivuta ekseli zaidi ya ulivyokusudia.

Mimi natengeneza pancha barabara ya kwenda Arua. Kuna pikipiki ukikaza nati ya nyuma vizuri gurudumu linakuwa zito, halizunguki. Ukilegeza kidogo linazunguka. Wenyewe wananiambia niache hivyo hivyo. Ni sawa?
*Fundi pancha, West Nile*

Si sawa, na tunakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu nati ya nyuma inapita mikononi mwenu mafundi wa pancha mara nyingi kuliko mikononi mwa mafundi wa injini.

Kwanza hakikisha si breki: legeza nati ya fimbo ya breki kabisa na uzungushe. Kama ni breki, uzito unaondoka hapo hapo, na dawa ni kurekebisha breki. Kama bado ni zito, tatizo liko ndani ya habu. Kati ya beringi mbili kuna bushi ya chuma, bomba fupi ambalo ekseli inapita ndani yake. Nati ikikazwa, mbano unatoka ringi ya ndani ya beringi moja, unapita kwenye bomba hilo, unafika ringi ya ndani ya beringi nyingine. Bomba likiwa limepotea, limekatwa, au limelika ncha, ringi za ndani zinasukumwa kukutana huku za nje zimeshikwa na habu. Gololi zinabanwa kwa ubavu. Gurudumu linakuwa zito kwa sababu hiyo.

Ukilegeza nati linazunguka, ndiyo, lakini sasa hakuna mbano wowote. Kinachobaki kuishika ekseli dhidi ya mvuto wa cheni ni bolti mbili nyembamba za ajasta, na hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ya upande wa cheni inapinda au inakula hesi, ekseli inatelezea mbele upande mmoja, cheni inaruka meno. Ikitokea mwendoni inaweza kujikunja ndani na kufunga gurudumu.

Dawa ni kutoa beringi, kuweka bushi yenye urefu kamili wa pikipiki hiyo, na mara nyingi beringi mpya pia, kwa sababu zilizokwisha kubanwa zina vishimo. Kutumia kipande cha bomba la maji kilichokatwa kwa msumeno ni kurudisha tatizo, maana ncha hazikai mraba na urefu haulingani.

Kwenu mnaofungua magurudumu kutwa: tandika gunia safi, panga kila kitu kwa mfuatano kilivyotoka, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Spesa ya upande wa sproketi na ya upande wa breki zinafanana kwa haraka haraka lakini urefu wake unaweza kutofautiana. Ukizibadilisha, sproketi ya nyuma haitanyooka na ya mbele. Ukichungulia kutoka nyuma juu ya cheni utaiona inaingia kwenye meno kwa upande, na baada ya wiki chache ubavu wa meno unang'aa.

Nati yenye nailoni ndani inaweza kurudiwa mara ngapi?
*Msomaji, Hoima*

Usihesabu mara, jaribu kwa vidole. Nailoni ikifika kwenye hesi lazima igome na kukulazimisha kuchukua spana. Ikiwa vidole vinaipeleka mpaka mwisho, ibadilishe. Ikishakaa, ncha ya ekseli ichungulie nje ya nailoni walau hesi mbili. Isipochungulia, nailoni haijashika kitu, na pengine umeongeza washa isiyohitajika. Nyingine hazina nailoni, zimebonyezwa kwa juu. Jaribio ni hilohilo. Usiweke nati ya kawaida badala ya hizo kwa kuwa tu saizi ya spana inalingana. Hesi za ekseli aghalabu ni nyembamba kuliko za bolti za kawaida za dukani, na nati ya hesi nyingine ikilazimishwa inaharibu ekseli.

Nina pikipiki tatu nimewapa vijana wafanyie kazi hapa Kasese. Mimi si fundi. Naweza kukagua nini mwenyewe jioni wanaporudisha?
*Mama mwenye pikipiki, Kasese*

Mama, nunua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu au nyeupe. Siku fundi anapomaliza kukaza vizuri, futa mafuta, halafu uchore mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye swingamu, upande juu ya washa, juu ya nati, hadi kwenye ncha ya ekseli. Jioni utazame kwa tochi. Mstari ukiwa mmoja, nati haijasogea. Ukikatika kati ya nati na ncha ya ekseli, nati imegeuka. Ukikatika kati ya washa na swingamu, huku nati na ekseli ziko pamoja, ekseli nzima imezunguka, na hilo pia linasema mbano umekwisha. Pikipiki hiyo isiingie barabarani kesho yake kabla ya kukazwa upya.

Halafu shika tairi la nyuma kwa juu, lisukume na kulivuta upande kwa upande. Lisicheze. Likicheza na mstari haujakatika, ni beringi au bushi za swingamu. Hakikisha kotapini zipo, ya ekseli kama nati ni ya mifereji na ya chuma cha sahani ya breki. Mwisho inua cheni kwa kidole pale chini katikati. Ikipanda na kushuka kupita milimita 40, waambie waivute.

Lakini mwambie na kijana asiikaze cheni mpaka iwe kama waya wa simu. Mikungu ya matoke au abiria wawili wakikaa nyuma, swingamu inapanda, na ekseli inakuwa mbali zaidi na sproketi ya mbele. Cheni isiyo na ulegevu haina pa kutoa urefu huo, hivyo inavuta beringi ya sproketi ya mbele na inaivuta ekseli kwa nguvu kila shimo. Cheni iliyokazwa mno hulegeza nati upesi kama iliyolegea.

Wengine wanachomelea nati kwa weldi ili isilegee tena. Au nati mbili juu ya nyingine. Mnasemaje?
*Dereva, Kawempe*

Weldi hapana. Moto unaharibu ugumu wa ekseli pale pale penye hesi, grisi ya beringi inayeyuka, na pancha ya kwanza usiku itakukuta huna namna ya kutoa gurudumu. Nati mbili zinawezekana ikiwa ekseli ina hesi za kutosha kuzibeba zote kwa ukamilifu, lakini ekseli nyingi hazina, na nati ya juu inaishia kushika hesi mbili tatu tu. Gundi ya nati ya nguvu ya wastani haina madhara kwenye hesi safi, ila haiongezi mbano. Na ile ya nguvu kubwa, inayotaka moto ili ifunguke, isikaribie gurudumu.

Cheni ikivutwa mpaka mwisho wa ajasta, naweza kukata pini moja niendelee?
*Msomaji, Malaba*

Pima kwanza. Cheni nyingi za pikipiki hizi ni namba 428, yenye milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivute inyooke, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na moja, katikati kwa katikati. Mpya inasoma milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, na kuikata kunaifupisha tu bila kuiponya: inapanda juu ya meno, inayachonga, na mtikisiko wake unarudi kwenye nati ileile. Badilisha cheni pamoja na sproketi zote mbili. Ukifunga cheni mpya, klipu ya pini ya kuungia iwekwe upande uliozibwa ukitangulia kule cheni inakokwenda, na upande wenye mwanya ukifuata nyuma.